TAA YA KUSIMAMA MU SALONI: INAMULIKIA NANI?



Mwezi huu ukurasa wa jamaa unasema juu ya kitu kimoja ambacho wengi wanakitamani, wengine wanacho tayari katika nyumba yao, na wengine wanakiona paka mu vioo vya maduka ya katikati ya muji wa Lubumbashi. Ni ile taa ndefu ya kusimama chini, yenye muguu mumoja na kofia ya kitambaa ao ya kioo, inayowekwa pembeni ya fotei. Wenye kusema Kifaransa wanaiita lampadere. Sisi tutaiita taa ya kusimama.

Pengine utauliza: «Muchungaji, leo tumeacha Injili, tumefika ku mambo ya fotei na taa?» Hapana, ndugu. Bwana Yesu mwenyewe alisema juu ya taa na kinara chake, katika Matayo sura ya 5. Alionyesha ya kuwa kinara kina kazi moja: kufikisha mwanga kwa wote wanaokaa ndani ya nyumba. Shika neno hili moja: wote. Si wageni peke yao, si baba peke yake na gazeti lake. Njo maana tunaona vizuri kuichunguza taa hii toka chini mpaka juu: imetoka wapi, inakula nini, shaba yake ni ya nani, na zaidi ya yote, inamulikia nani.

Kinara ni kitu cha zamani

Usifikiri taa ya kusimama ni mambo ya Wazungu wa leo. Katika Kutoka sura ya 25 Musa aliagizwa kutengeneza kinara cha zahabu, chenye taa saba, kwa hema la Mungu. Na katika Wafalme wa Pili sura ya 4 kuna yule mama wa Shunemu. Alipoona nabii Elisha anapita kila mara, alimwambia bwana wake wamujengee chumba kidogo juu ya nyumba. Ndani waliweka kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu! Mama huyu alijua kupanga nyumba. Alitafuta kwanza kitu ambacho mugeni atatumika nacho: fasi ya kulala, fasi ya kuandika, fasi ya kukaa, na mwanga wa kuonea.

Basi kupenda nyumba nzuri si zambi. Tuseme neno hili wazi, maana kuna wahubiri wanaogombeza wamama kwa kila pazia mupya. Nyumba iliyopangwa vizuri ni sifa kwa Mungu, hata kama ni ya vyumba viwili mu Katuba ao mu Ruashi.

Mafundi wawili wa Italia

Tuangalie sasa namna wengine walivyofanya taa hizi. Katika muji wa Milano, kule Italia, walikuwa ndugu wawili, Achille na Pier Giacomo Castiglioni. Mwaka 1962 walitengeneza taa moja inayoitwa Arco. Walitaka mwanga ufike juu ya meza ya kulia bila kutoboa dari. Kwa hiyo walikunja chuma kirefu kama upinde: kichwa cha taa kinafika katikati ya meza, na muguu unabaki mbali, pembeni. Lakini kitu kirefu namna hiyo kinaanguka. Ili kisianguke, waliweka chini jiwe la marumaru la kilo karibu 65, ndiyo kupita mufuko mumoja wa sementi. Na katika jiwe lile walitoboa tundu. Kwa sababu gani? Ili watu wawili wapitishe muti wa fagio katika tundu na kubeba taa pamoja. Tundu lile si pambo. Ni fikara ya mutu aliyejua ya kuwa siku moja mama atataka kufagia chini ya taa.

Mwaka ule ule walifanya taa ingine, Toio. Hii walichukua taa ya mbele ya motokari, wakaiweka juu ya chuma chembamba. Waya ya umeme ilipita katika viduara vidogo vya fimbo ya kuvulia samaki. Chini waliweka transfo, na uzito wa transfo ndiyo uliozuia taa kuanguka. Leo taa hizi zinawekwa katika nyumba kubwa za makumbusho, na watajiri wanazinunua kwa bei kali. Lakini umeona zimetoka wapi: taa ya motokari, fimbo ya samaki, transfo. Kijana wa Kamalondo mwenye kutengeneza motokari chini ya muti wa maembe, vitu vile anavijua vyote.

Saloni ya Lubumbashi

Sasa tuje kwetu. Muji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, juu ya shaba. Mwaka 1911 tanuru ya Union Minière ilianza kutoa shaba yake ya kwanza. Watu walikuja toka pande zote, wakakaa mu kambi za wafanyakazi. Pole pole nyumba ya matofali ilikuwa alama ya mutu wa kazi, na ndani ya nyumba, saloni ilikuwa uso wa jamaa. Wakubwa wetu wanakumbuka saloni ya miaka ya 1960 na 1970: viti, vitambaa vyeupe ambavyo mama alishona kwa mukono, radio juu ya kabati, na ku ukuta picha ya kupakwa rangi, mara nyingi yule Mamba Muntu, mwanamuke mwenye mukia wa samaki. (Juu ya picha ile tutasema siku ingine, maana iko na mambo yake!)

Kisha taabu zikafika. Mwaka 1990 mugodi wa Kamoto kule Kolwezi ulibomoka. Mwaka 1991 watu walipora maduka. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa shaba kupita tani 400,000 kwa mwaka, ilishuka mpaka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1993 na 1994. Wafanyakazi walikaa miezi na miezi bila mushahara. Jamaa nyingi ziliuzisha fotei, kisha radio, kisha kabati, na saloni ikabaki na mukeka. Mwaka 2003 watu kupita 10,000 waliondoka kazini mara moja kwa ile inayoitwa kuondoka kwa mapenzi.

Kama unajua historia hii, hutamucheka baba anayeleta taa ndefu nyumbani leo, mikono yake inatetemeka kwa furaha. Kwake yeye taa ile inasema: «Tumesimama tena.» Sisi wachungaji tunapaswa kufurahi pamoja naye. Lakini kufurahi pamoja na mutu hakuzuii kumuuliza maulizo.

Mwanga unatoka mbali

Ulizo la kwanza: umeme wa taa yako unatoka wapi? Mara nyingi tunasema tu «SNEL imekata» ao «SNEL imerudisha», sawa vile umeme unazaliwa ndani ya ukuta. Hapana. Unatoka ku maji. Mwaka 1930 kiwanda cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi ku muto Lufira. Mwaka 1950 kikafuata kile cha Koni, ku muto ule ule. Kisha ku muto Lualaba vikajengwa vya Nzilo na Nseke. Nseke ilianza mwaka 1956. Vyote vilijengwa kwanza kwa ajili ya migodi. Nyumba za watu zilipata kilichobaki.

Mwaka 1982 ilimalizika ile njia kubwa ya nyaya toka Inga, karibu na bahari, mpaka Kolwezi: kilometa karibu 1,700. Wasomaji, tufikiri kidogo. Nyaya zile zinapita juu ya vijiji vingi sana. Mama wa kijiji anatwanga mihogo yake, juu ya kichwa chake kunapita umeme wa kutosha muji muzima, na usiku anawasha kuni ili aone uso wa mutoto wake. Umeme umepita, lakini haukushuka.

Hatusemi neno hili ili kulaumu mutu. Tunalisema kwa sababu katika nyumba zetu tunaweza kufanya vile vile: mwanga unaingia katika lupango, unapita jikoni, unapita chumba cha watoto, hausimami, unaenda moja kwa moja mpaka saloni. Tutarudi hapo.

Taa inakula kiasi gani?

Kila taa inakula. Tufanye hesabu, maana musimamizi mwema anajua hesabu.

Ampule ya zamani, yenye kauzi ndani kanakokuwa kekundu, inakula wati 60. Ukiiwasha saa 5 kila usiku, kwa mwezi inakula kilowati-saa 9. Ampule mupya ya LED inayotoa mwanga karibu sawa na ile inakula wati 9 tu. Kwa saa zile zile, kwa mwezi inakula kilowati-saa 1 na nusu, hata haifiki.

Lakini kuna taa zingine za kusimama, zilizopendwa sana Ulaya na Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Zinatazama juu kama bakuli, na ndani yake mna ampule ndogo ndefu ya alojeni ya wati 300. Taa kama hii ikiwaka saa 5 kila usiku, inakula kilowati-saa 45 kwa mwezi. Kwa moto wa taa hii moja ungewasha ampule za LED 33! Ukiikuta fasi wanauzisha vitu vilivyotumika, bei inaweza kuwa rahisi, lakini fikiri kwanza. Ubaya wake si ulafi peke yake. Ampule ile inakuwa moto sana. Pazia likigusa, ao taa ikianguka ku kitanda, nyumba inaungua. Kule Marekani mwaka 1997 serikali ilitangaza ya kuwa mamilioni ya taa za namna hii zipaswa kuwekewa waya ya kuzuia kitu kisiguse ampule, kwa sababu zilikuwa zimeunguza nyumba na kuua watu.

Wengine watasema: «Mimi sina konteri, ninalipa bei moja kila mwezi, nitakula namna ninavyotaka.» Ndugu, hapo umekosa. Wewe na jirani zako mnashika umeme ku kabine moja. Kila nyumba ikivuta kupita kipimo, kabine inaungua. Halafu kartiye nzima inakaa gizani, na watu wanaanza kuchanga franka nyumba kwa nyumba. Ulafi wa mumoja unalipwa na mama mujane anayeuzisha nyanya.

Hatari za kuchunga

Kabla ya kuleta taa ya kusimama nyumbani, ao kama unayo tayari, angalia mambo haya:

1. Muguu. Isukume taa kidogo kwa kidole, juu karibu na kichwa. Kama inayumba kama mulevi, si taa ya nyumba yenye watoto. Uzito upaswa kuwa chini.

2. Waya. Usiipitishe chini ya mukeka ao tapi, fasi watu wanakanyaga. Inakatika polepole bila wewe kuona. Usiifunge kwa pulastiki ya mufuko. Kama imekatika, badilisha yote.

3. Chuma. Taa nyingi ni za chuma ao shaba, na chuma kinapitisha umeme. Ikiwa waya imechunika ndani ya muguu, taa nzima inaweza kuua. Wamama, mutoeni taa ku prizi kabla ya kupangusa chini na maji, na musiiguse na mikono ya maji wala miguu wazi juu ya sementi yenye maji. Neno hili si la muchezo.

4. Prizi. Prizi moja haiwezi kubeba televizio, frigo, pasi na taa. Ukisikia harufu ya kuungua, ao prizi ikiwa na moto ukiigusa, kata umeme kwanza, uliza baadaye.

5. Umeme ukikatika. Toa taa na vyombo vingine ku prizi. Mara nyingi umeme unarudi kwa nguvu, na nguvu ile inaharibu vyombo.

6. Buji. Usiku umeme umekatika, usisimamishe buji juu ya kofia ya taa ya kusimama ili «ikae fasi yake». Kofia ni ya kitambaa. Buji ikae ndani ya sahani ya chuma, mbali na pazia na neti ya mbu, na izimwe mbele ya kulala.

Tunaweza kuitengeneza wenyewe

Katanga ni inchi ya shaba kabla ya Union Minière. Wazee wetu waliyeyusha shaba na kuimwaga kwa mufano wa musalaba, na misalaba ile ilitumika sawa franka. Ni ile ile iliyoonekana ku bendera ya Katanga mwaka 1960, misalaba mitatu. Leo bado kuna mafundi Lubumbashi wanaopiga shaba kwa nyundo, wanatoa sahani na picha za kutundika ku ukuta. Kuna wengine wanaochonga malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka pamoja na shaba.

Sasa, kwa nini saloni ya Lubumbashi ingoje taa itoke ng'ambo? Kijana mwenye ufundi anaweza kuanza hivi. Achukue rimu ya zamani ya motokari ao beseni iliyotoboka, amwage sementi ndani, asimamishe bomba katikati ingali laini. Hapo amepata muguu muzito. Waya ipite ndani ya bomba, na pale inapoingia na kutoka, aweke mupira ili chuma kisikate waya. Juu akaze duye na ampule ya LED, ambayo haina moto mwingi. Kofia inaweza kuwa ya shaba nyembamba iliyopigwa nyundo na kutobolewa vitundu, ao ya matete, ao ya kitambaa cha mama. Kazi ya waya ionwe na mutu aliyesoma umeme, si na mwenye kujaribu. Na mwenye kukata malakiti alowanishe jiwe kwa maji na afunge pua na kinywa, maana vumbi yake ni sumu.

Taa kama hii inaweza kumulisha kijana. Makanisa yenye shule ya ufundi yafikiri neno hili.

Shaba hii ni ya nani?

Lakini hapa tunafika ku neno lenye kuuma. Mutu atakuambia: «Kuna shaba ya bei rahisi, uje usiku, usiulize.» Wewe unajua, na mimi ninajua. Ni waya ya SNEL iliyokatwa, ao waya ya reli, ao ya kiwanda. Inachomwa kwanza ili pulastiki itoke, kisha inauzishwa kwa kilo kama mitraye.

Fikiri sasa: taa nzuri ya shaba inasimama katika saloni ya mukristo. Wageni wanaisifu. Lakini shaba yake imetoka ku waya ambayo ilipeleka umeme ku kartiye ingine. Kule mama anazaa kwa mwanga wa simu. Kule fundi wa kushona amefunga mashini yake. Mwanga wa nyumba moja umenunuliwa kwa giza la nyumba mia.

Katika Yoshua sura ya 7 tunasoma juu ya Akani. Aliona joho nzuri ya Babeli, feza na zahabu, akavitamani, akavificha chini ya hema lake. Kwa ajili ya kitu cha nyumba moja, taifa zima lilishindwa vitani. Na jamaa yake ilikuwa pale, watoto wake walilala juu ya vitu vile. Kosa la Akani halikuwa kupenda kitu kizuri. Lilikuwa kuleta ndani ya hema kitu kisicho chake.

Vijana wengine wanakata nyaya kwa sababu ya njaa, tunajua. Kuna wanaokufa pale pale juu ya poto. Lakini mwizi anakata kwa sababu kuna mwenye kununua. Kama wakristo wote wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wangeuliza kila mara «Shaba hii imetoka wapi?», na kukataa pale jibu linapokuwa la kigugumizi, waya nyingi zingebaki juu. Fundi wa kweli atakuonyesha fasi alinunua. Uliza bila haya.

Sasa: inamulikia nani?

Tumefika ku ulizo letu kubwa. Utasikia mazungumzo kama haya katika nyumba nyingi:

– Baba, ile taa umeleta ni ya muzuri kabisa. Lakini mie napika mu giza.

– Paka kidogo, mama, utangoya. Wageni bakikuya, bataona nini?

– Wageni banakuya mara moya mu mwezi. Batoto banakula kila siku.

Mama huyu amehubiri kupita wachungaji wengi.

Tembea katika nyumba yako saa moja ya usiku, siku umeme uko. Saloni inawaka, televizio inasema. Pita nyuma. Mama anachambua muchele, hawezi kuona mawe. Anaonja bukari kwa mukono karibu na mbabula, na makala yanatoa moshi. Binti wa miaka 14 anaosha sahani kwa bomba la inje, gizani, na mulango wa lupango haufungwi. Kijana anayejitayarisha kwa ekzame ya Serikali amekaa chini, karibu na mulango wa saloni, ili ashike mwanga unaotoka ku dirisha. Na taa ndefu, ya bei ya mishahara miwili, inamulikia fotei isiyo na mutu.

Ninyi mnaofanya kazi ya migodi, neno hili ni rahisi kwenu kupita sisi. Chini ya udongo, taa inakaa ku kichwa cha mutu. Mutu hawashi taa mugodini ili aonekane. Anaiwasha ili aone jiwe linalotaka kuanguka, na ili ndugu anayefuata nyuma aone fasi ya kuweka muguu. Mugodini unaelewa mwanga ni wa nani. Kwa nini ukitoka juu na kufika nyumbani, unasahau?

Sikiliza sasa habari njema juu ya taa ya kusimama. Katika taa zote za nyumba, hii peke yake iko na muguu! Ampule ya dari imefungwa fasi moja. Lakini taa ya kusimama inaweza kutembea. Itoe ku prizi, ibebe, iweke fasi kunatakiwa mwanga. Tufanye mufano wa usiku mumoja:

Saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, taa isimame ku mulango wa jiko, ikiwa kuna prizi karibu na hakuna maji. Mama apike anaona. Saa mbili mpaka saa ine, isimame pembeni ya meza ya watoto, nyuma ya bega la kushoto la mwenye kuandika kwa mukono wa kuume, ili kivuli cha mukono kisifunike daftari. Baba anaweza kukaa pale pale na Biblia yake. Mwanga mumoja unatosha watu watano wakikaribiana. Kisha maombi ya jamaa, mara tatu ao nne kwa juma, kila mutu anasoma mustari wake bila kukaza macho. Na mugeni akifika, taa irudi saloni. Mugeni atakuta jamaa yenye mwanga, na hiyo ni heshima kubwa kupita kofia ya kitambaa.

Na kama franka hazitoshi kununua taa ndefu na ampule za vyumba vingine, anza na ampule. Ampule ya LED jikoni, moja ku chumba cha watoto, moja inje pale binti anapita. Kisha, Mungu akibariki, taa ya saloni. Namna hii hutapata haya mbele ya bibi yako.

Kwa siku za delestaji, kuna taa ndogo za batri zinazojazwa kwa jua. Moja ya namna hii, ikiwekwa juu ya kiti ao ku musumari, inatosha mutoto kusoma. Na mujue, batri za simu nyingi za dunia ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani inatoka Kongo yetu. Udongo wa Kolwezi umemulikia wengi. Ni haki watoto wa Kolwezi na Lubumbashi wasome usiku.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Someni pamoja Matayo 5:14-16 na 2 Wafalme 4:8-11. Kisha mujibu, watoto wakianza:

1. Usiku, ni nani katika nyumba yetu anayetumika gizani?

2. Tukipata franka za taa moja, tuiweke wapi kwanza? Mama aseme, baba asikilize.

3. Kuna kitu katika nyumba yetu ambacho hatukuuliza kimetoka wapi? Tutafanya nini nacho?

4. Ni jirani gani asiye na mwanga ambaye mutoto wake anaweza kuja kusoma ku meza yetu?

Wababa, usiku wa leo, kama SNEL haikukata, anzeni na ulizo la kwanza. Bwana amulikie kila fasi ya nyumba zenu, saloni na jiko pia.